Kamera za DSLR zimeshuka bei, lakini kijana wa Pwani ajifunge na mfumo upi?

Kijana wa Pwani anayetaka kujiajiri kwa kupiga picha anaishi katika wakati wa ajabu. Bodi ambazo miaka kumi iliyopita zilikuwa za wapigapicha wa magazeti na studio kubwa leo zinauzwa kwa mkono wa pili kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook, nyingine kwa bei ya simu ya kadiri. Sababu ni kwamba wenye pesa wanahama. Wanaziacha DSLR, zile kamera zenye kioo ndani kinachoruka kila unapobonyeza, wanakwenda kwenye kamera zisizo na kioo. Walichokiacha kinateremka hadi kwetu.

Ni jambo la heri, lakini lina mtego wake. Anayenunua kamera hanunui kifaa kimoja, anaolewa katika ukoo. Lenzi ya Canon haiingii kwenye Nikon. Betri haziingiliani, chaja haziingiliani, na flashi ya huyu inakuwa nusu bubu kwa yule. Ukishakuwa na lenzi mbili, flashi na betri tatu za mfumo mmoja, kutoka ni kuuza vyote kwa hasara na kuanza upya. Kwa mtu aliyeanza kwa pesa za chama au kwa ng'ombe wa mzee, kuanza upya hakupo.

Na mikopo ya serikali haijaundwa kwa kazi hii. Hazina ya Hustler ilipozinduliwa Novemba 2022, mkopo wa mtu binafsi uliwekwa kati ya Sh500 na Sh50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ulipwe ndani ya siku 14. Siku 14 zinamtosha muuza mahamri kuzungusha unga na mafuta. Mpigapicha anaweza kukaa wiki hizo mbili bila harusi hata moja, hasa Ramadhani. Ndiyo maana uamuzi wa mfumo gani anunue si mambo ya vijana wanaopenda vifaa. Ni uamuzi wa mtaji, na kwa wengi ni mtaji wa pekee.

Tuanze na watengenezaji wenyewe wanavyokwenda. Mdomo wa F wa Nikon, yaani pale lenzi inapofungwa, una umri tangu 1959. Mdomo wa EF wa Canon ulianza 1987. Mwaka 2018 kampuni zote mbili zilitoa kamera zisizo na kioo zenye sensa kubwa na midomo mipya kabisa: Canon ikaleta EOS R, Nikon ikaleta Z6 na Z7. Kufikia 2020 kamera zisizo na kioo zilikuwa zinatoka viwandani kwa wingi kuliko DSLR. Mwishoni mwa 2021 mkuu wa Canon, Fujio Mitarai, aliliambia gazeti la Yomiuri Shimbun kwamba EOS-1D X Mark III ya 2020 ndiyo DSLR yao ya mwisho ya daraja la juu kabisa. Julai 2022 gazeti la Nikkei likaandika kwamba Nikon inaacha kuunda DSLR mpya. Nikon ikajibu kwamba hizo ni dhana, na kwamba itaendelea kutengeneza, kuuza na kuhudumia zilizopo. Sony ilikuwa imeshafunga ukurasa wa DSLR mwaka 2021, na Olympus zamani zaidi. Aliyebaki akisema waziwazi kwamba DSLR ndiyo njia yake ni Pentax. Kamera zake ni nzuri kweli, lakini nakutakia kila la heri ukitafuta lenzi ya Pentax ya kuazima kutoka Likoni hadi Mtwapa.

Aliyewafikisha hapo ni simu. Mwaka 2010 viwanda vilisafirisha kamera za kidijitali zaidi ya milioni 120 duniani. Mwaka 2020 hazikufika milioni 9. Athari yake tuliiona kwa macho: wapigapicha wa ufuo wa Pirates na wa nje ya Fort Jesus, waliokuwa wakimpiga mgeni picha na kumtolea papo hapo, walibaki wakimwangalia mgeni akijipiga mwenyewe. Kazi iliyosalia ni ile ambayo simu inashindwa. Ni harusi ya usiku yenye taa hafifu, mpira uwanjani, mahafali ya shule, picha za vyumba vya hoteli na nyumba za kukodisha, ndege wa Mida Creek. Kamera itakayonunuliwa sasa ipimwe kwa kazi hizo. Megapikseli zilizoandikwa kwenye boksi hazitakuambia lolote juu yake.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mwenye pesa yake ya kwanza anavutiwa na kamera mpya ya bei ya chini, iliyofungwa pamoja na lenzi yake na begi la bure. Canon ina mbili za namna hiyo, 2000D na 4000D. Zinapiga picha safi mchana. Lakini Canon iliondoa kwenye bodi hizo pini ya katikati pale juu flashi inapokaa, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa njia ya kuwasha flashi yoyote ile. Flashi za bei nafuu ambazo vijana wetu wengi huanza nazo, kama Yongnuo YN560 na Godox TT600, zinategemea pini hiyo. Ukiiweka juu ya 4000D, flashi imekaa lakini haiwaki. Kijana anagundua hivyo baada ya kulipa, pengine ukumbini bibi harusi akiwa ameshaketi. Na 4000D hata mdomo wake ni wa plastiki. Kwa pesa hizo hizo, bodi ya mtumba ya daraja la kati, 60D au 70D, ina pini, ina mwili imara, na ina magurudumu mawili ya kurekebishia mwanga.

Nikon nayo ina mtego wake, na huu umewaumiza wengi zaidi kwa sababu umefichika ndani ya herufi. Bodi za Nikon za bei ya chini, mfululizo wa D3000 na D5000 pamoja na ndugu zao D3100 hadi D3500 na D5100 hadi D5600, hazina mota ya kuzungusha lenzi. Zinategemea lenzi yenye mota yake ndani, iliyoandikwa AF-S au AF-P. Lenzi za zamani za AF-D ni nzuri, ni rahisi, na zimejaa kwenye mitumba. Muuzaji atakuambia "inaingia Nikon yoyote", na hajadanganya: inaingia. Ila utalenga kwa mkono picha baada ya picha, na watoto wa harusi hawasimami wakusubiri. Ukitaka kutumia AF-D unahitaji bodi kama D90, D7000 na ndugu zake, D610 au D750. Kisha kuna kinyume chake: lenzi mpya za AF-P hazilengi kabisa kwenye bodi za zamani kama D90, D3100 na D5100. Nikon yenyewe ni mfumo mmoja, lakini ndani yake kuna vizazi visivyosalimiana.

Canon kwa hili ni nyepesi kuelewa. Lenzi yoyote ya EF, hata ya 1987, inalenga yenyewe kwenye DSLR yoyote ya Canon. Kizuizi ni kimoja: zile za EF-S ni za bodi za sensa ndogo tu, hazifungi kwenye 6D wala 5D.

Basi Canon imeshinda? Subiri. Chukua harusi ya kawaida ya Kiislamu hapa mjini, saa saba mchana, nje ya msikiti. Bwana harusi yuko kwenye kanzu nyeupe inayong'aa juani, na mama yake yuko kando kavaa buibui jeusi, wote ndani ya picha moja. Ukipimia kanzu, buibui linakuwa shimo jeusi. Ukipimia buibui, kanzu inaungua na darizi yake yote inapotea. Sensa za Nikon za miaka ile, D7200 na D750, zinakuruhusu kuipima kanzu kisha kulifufua buibui kwenye kompyuta bila kuleta chembechembe na mistari. Canon za wakati huo huo, kama 70D, 6D na 5D Mark III, haziwezi hivyo. Canon ilikaribia tu mwaka 2016 ilipotoa 80D na 5D Mark IV. Wanaosema kamera zote ni sawa hawajawahi kupiga kanzu na buibui saa saba mchana.

Jambo la pili lililo upande wa Nikon ni kadi mbili. D7000 ya mwaka 2010, kamera ya daraja la kati tu, ina nafasi mbili za kadi, na D610 na D750 pia. Kila picha unaweza kuiandika mara mbili. Upande wa Canon, 60D, 70D, 80D na 6D zina nafasi moja. Ukitaka mbili inabidi upande hadi 7D Mark II au 5D Mark III. Kwa mpigaji wa mandhari hili ni dogo. Kwa mwanamke anayepiga picha usiku wa kupamba ni kubwa mno. Usiku ule wanaume hawaingii, katika nyumba nyingi simu za wageni huachwa mlangoni, na kwa hiyo picha zake ndizo za pekee duniani. Kadi ikifa, hakuna shangazi aliyepiga kwa simu wa kuomba. Zipo pia familia zinazotaka kadi ikabidhiwe usiku uleule, na mpigapicha mwenye kadi moja anabaki bila ushahidi wa kazi yake.

Video inageuza mizani. Siku hizi mteja haulizi kama utapiga video, anauliza itatoka lini. Canon 70D ya mwaka 2013 ilikuja na sensa inayolenga vizuri wakati wa kurekodi, na 80D ikaongeza tundu la kusikilizia sauti kwa hedifoni juu ya lile la maikrofoni. DSLR za Nikon za miaka hiyo zinapapasa: picha inaingia na kutoka kwenye fokasi katikati ya nikaha. Kama kipato chako kitatoka kwenye video, usihangaike na D7200 kwa sababu ya sensa. Chukua 70D au 80D. Kama unauza picha za kuchapisha na albamu, na umepata D750 isiyochakaa, usiiache.

Naona jambo zito kuliko yote haya ni jirani yako ana nini. Wapigapicha wa Pwani huishi kwa kuazimana. Lenzi ya 70-200 hainunuliwi na anayeanza, huazimwa Ijumaa na kurudishwa Jumatatu. Betri ya LP-E6 iliyoanza na 5D Mark II mwaka 2008 inatumika kwenye 7D, 60D, 70D, 80D na 6D, kwa hiyo ukiishiwa ukumbini na mwenzako ana Canon ya kiwango hicho, umeokoka. EN-EL15 ya Nikon iliyoanza na D7000 ni vivyo hivyo kwa D7100, D7200, D610, D750 na D850. Lakini bodi za chini za kampuni zote mbili zina betri zao ndogo, na Canon imezigawa hata hizo: 600D haitumii betri ya 1200D, wala 1200D haitumii ya 750D. Kabla ya kuangalia bei, hesabu watu watano unaofanya nao kazi au unaoweza kuwagongea mlango, uone wana nini. Kama wanne wana Canon, ubora wa sensa ya Nikon hautakufaa saa nne usiku betri ikizima.

Swali la kesho pia lipo: mfumo unaoachwa na mwenyewe utakupeleka wapi? Hapa Canon inampa mnunuzi njia safi zaidi. Adapta yake ya kuweka lenzi za EF kwenye kamera za RF ni pete isiyo na kioo ndani, na lenzi za EF na EF-S zinalenga zenyewe kama kawaida. Adapta ya Nikon, FTZ, inafanya hivyo kwa AF-S na AF-P tu. Zile AF-D haina mota ya kuzizungusha, kwa hiyo anayezilimbikiza leo ajue zitaishia kwenye DSLR. Betri za LP-E6 na EN-EL15 nazo zimepita mpaka, familia hizo ndizo zilizoingia kwenye R5, R6, Z6 na Z7. Kwa maneno mengine, pesa ya lenzi na ya betri za kiwango cha kati haipotei ukihama baadaye. Inayopotea ni ya bodi. Ndiyo maana mwenye Sh60,000 asiitumie Sh50,000 kwenye bodi na kubaki na lenzi ya plastiki iliyokuja nayo. Nusu kwa bodi ya zamani ya daraja la kati, iliyobaki kwa lenzi ya 50mm yenye f/1.8, flashi, betri ya pili na kadi mbili za uhakika. Lenzi hiyo ndogo ndiyo inayofanya kazi ukumbini taa zikizimwa.

Kamera moja kwa moja za mfumo mpya, je? Kwa mwenye uwezo, sawa. Ila bodi za chini za RF zina uhaba wa lenzi za bei nafuu, kwa sababu Canon kwa miaka kadhaa iliwazuia watengenezaji wengine kuunda lenzi zinazolenga zenyewe kwa mdomo huo, na mlango ulianza kufunguliwa kwa Sigma na Tamron mwaka 2024, tena kwa sensa ndogo kwanza. DSLR bado ina miaka ya lenzi za kila aina mkononi mwa watu.

Anayenunua mtumba hapa kwetu ana adui ambaye hatajwi kwenye video za Wazungu: unyevu. Hewa ya bahari huotesha ukungu ndani ya lenzi, unaonekana kama utando wa buibui, na ukishakula rangi ya kioo hausafishiki. Fungua lenzi, washa tochi ya simu nyuma yake, tazama kutoka mbele. Ukiona nyuzi, rudisha hata kama bei ni ya bure. Zako nazo usizihifadhi kwenye begi la ngozi kabatini. Ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana na pakiti za silika zinatosha. Na ukitoka ukumbi wa eyakondishena kwenda nje usiku wa Machi, acha begi limefungwa robo saa au zaidi lizoee joto, la sivyo lenzi inapata umande na maharusi wanatokea kama wako motoni.

Angalia pia shata imepiga mara ngapi, kama vile kilomita za gari. Zile za 5D Mark III na D750 zilipimwa kiwandani kwa mara 150,000, ya 6D mara 100,000. Nikon huandika hesabu hiyo ndani ya faili la picha, kwa hiyo piga moja, itume kwenye simu yako, utaiona kwa programu ya bure. Canon nyingi haziandiki, inabidi kuunganisha kompyuta, na muuzaji asiyekubali ana lake. Mwombe risiti na linganisha namba ya bodi. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu pia anayepokea mali ya wizi akiwa anajua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Kamera nzima inayouzwa kwa robo ya bei, bila chaja, usiku, kando ya steji, inatoa sababu hiyo bila kuulizwa.

Mafunzo ya vyuo vya ufundi vya vijijini ni jukumu la kaunti chini ya Katiba ya 2010, na hapo ndipo uamuzi huu unapotoka mikononi mwa mtu mmoja. Idara ikinunua kamera ishirini mpya za daraja la chini kwa sababu zabuni ilisema "DSLR, na lenzi yake", wanafunzi watafundishwa flashi kwa vifaa visivyowasha flashi. Zabuni iandike vitu hivi: bodi yenye pini ya kati, betri ya familia ya LP-E6 au EN-EL15, mfumo mmoja kwa chuo kizima ili lenzi ziazimwe, na kwa kila bodi tatu lenzi moja ya f/1.8. Bodi zikiwa za mtumba zilizokaguliwa, pesa hizo hizo zinabakiza za kununua flashi na stendi. Wawakilishi wa wadi wanaopitisha bajeti hizi wakiletewa orodha ya vifaa, waulize kwanza flashi gani itawaka juu yake.